Risasi ya Gobori na Umbali wa Mnyama

Neno gobori halihitaji kufasiriwa. Kila mtu ajua kuwa ni bunduki itiwayo baruti na risasi kwa mdomo wa kasiba, kisha ikashindiliwa kwa mdeki. Lakini kwa nini gobori moja hupiga mnyama aliye mbali, na nyingine hukosa hata aliye karibu? Jibu limo ndani ya kasiba na katika umbo la risasi.

Twende kwanza Marekani. Katika karne ya 18 mafundi wa bunduki waliotoka Ujerumani na Uswisi walikaa Pennsylvania, hasa upande wa Lancaster. Wakatengeneza gobori ndefu za gumegume, na ndani ya kasiba wakakata mifuo iliyozunguka kama parafujo. Mwindaji alimimina baruti, akaiweka risasi ya mviringo juu ya kipande cha nguo kilichopakwa mafuta, akavisukuma vyote pamoja hata chini. Nguo ile ilishikwa na mifuo, ikaizungusha risasi ilipotoka. Na kitu kizungukacho upesi, kama pia ya watoto, hakiyumbi.

Mnyama waliyemwinda sana ni kulungu mwenye mkia mweupe. Huyu si kulungu wetu: pembe za dume lake zina matawi, nazo huanguka kila mwaka na kuota tena. Kwa kuwa hukaa msituni, mara nyingi alipigwa kwa karibu. Tena madini ya risasi hayakupatikana kwa urahisi huko. Basi fanyeni hesabu: ratili moja ya risasi ilitoa risasi 14 tu za unene wa inchi 0.69, kama zile za askari wa Uingereza, bali ilitoa zaidi ya 50 za inchi 0.44. Kwa sababu hiyo mwindaji alipenda kasiba nyembamba.

Lakini risasi ya mviringo ina kasoro moja. Hutoka kwa mwendo mkali, kisha hewa huizuia na nguvu hupungua upesi. Kwa hiyo hata leo mwindaji mwangalifu wa kulungu huiamini mpaka yadi 75 hivi; akiwa hodari sana, hufika yadi 100.

Katika miaka ya 1840 afisa Mfaransa, Claude-Étienne Minié, alileta risasi ndefu yenye ncha, na shimo kitakoni. Iliingia kasibani kwa wepesi bila nguo. Baruti ilipolipuka, moshi wenye nguvu ulikipanua kitako hata kikashika mifuo. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hata 1865, askari wengi walipigwa kwa risasi za namna hii. Wawindaji nao wakapata risasi nzito: ile ya mviringo ya inchi 0.49 ina gramu 11 na nusu hivi, na ndefu ya unene karibu na huo yaweza kupita gramu 20. Hii hutunza nguvu yake mbali zaidi, ila huanza polepole na kushuka sana njiani; basi akosaye kukadiria umbali atapiga chini ya mnyama.

Mnamo mwaka 1900 kulungu hao walikuwa karibu kwisha katika majimbo mengi. Sheria zikawalinda, wakaongezeka tena. Mwaka 1974 Pennsylvania ilianza kuweka majira ya kuwinda kwa gobori za gumegume. Mwaka 1985 fundi Tony Knight alitoa gobori ya namna mpya, na wawindaji wakazoea kutia risasi nyembamba yenye ncha katika kikombe cha plastiki, ifaayo yadi 150 na zaidi. Kila risasi hutaka kasiba yake: ya mviringo hupenda mifuo izungukayo mara moja katika inchi 66 hivi, na hii mpya mara moja katika inchi 28.

Mifuo hiyo yatuhusu sisi pia. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia biashara ya bunduki zenye mifuo katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha nafasi kwa gobori za gumegume zisizo na mifuo. Gobori ya namna hiyo haiaminiki sana kupita yadi 50. Katika vita vya Majimaji, 1905 hata 1907, wazee wetu wenye mikuki na gobori walikabili bunduki zenye mifuo na bunduki za rasharasha. Ushujaa haukupungua, kilichopungua ni umbali.

Basi mwenye leseni ya kuwinda na ajue kwanza bunduki yake yafika wapi. Gobori hupiga mara moja, na kuishindilia tena huchukua muda. Mnyama aliyejeruhiwa kwa mbali hukimbia akafa porini kwa maumivu. Wala hakuna aliyekula nyama yake. Akiwa nje ya uwezo wa risasi yako, sogea karibu, au mwache aende.