Kiswahili cha Kurasa za Nyuma

Nikishika tasnifu ya mwanafunzi wa meno naanza kuisoma kutoka nyuma. Tabia hiyo niliipata nyumbani Nyahanga, hapa Kahama, mpwa wangu alipokuja likizo kutoka Dar es Salaam, anakosomea udaktari wa meno. Alinitupia karatasi mezani: "Mjomba, wewe si mwandishi wa habari? Ninyooshee hiki Kiswahili."

Kilikuwa dodoso, yaani maswali atakayowauliza watu kwa ajili ya tasnifu yake. Tukaanza kulijaribu kwa bibi yake, mama yangu mimi. Swali la tatu likasomwa: "Je, umewahi kupata uzoefu wa maumivu ya kinywa katika kipindi cha miezi 6 iliyopita?" Mama akatutazama. "Uzoefu wa nini tena? Jino likiuma linauma tu."

Baadaye niliingia mtandaoni nikasoma tasnifu za uzamili za meno zilizoandikwa Muhimbili. Ukisoma moja umeshaijua ramani ya zote. Mbele kuna uthibitisho wa msimamizi, tamko, shukrani, ikisiri. Zinafuata sura: utangulizi, tatizo, malengo, mapitio ya maandiko, mbinu, matokeo, mjadala, mapendekezo. Zote kwa Kiingereza. Baada ya marejeo, pale ambapo msomaji wa kawaida ameshafunga, ndipo vinakuja viambatisho: fomu ya ridhaa kwa Kiingereza, halafu ile ile kwa Kiswahili, dodoso kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili. Mgonjwa aliyefunua kinywa anasikika huko mwishoni tu.

Ramani hii ina historia. Chuo cha meno cha Baltimore, Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1840 na kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha aina yake duniani, kilimtaka mwanafunzi aandike tasnifu kabla ya kuhitimu, na pia aonyeshe meno ya bandia aliyotengeneza kwa mikono yake. Tasnifu ya zama hizo ilikuwa insha. Mtu alichagua mada akaieleza alivyoielewa. Muundo wa utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala ulikuja baadaye sana. Sollaci na Pereira walipochunguza majarida manne makubwa ya tiba, katika makala yao ya 2004, waliukuta ukianza kutumika miaka ya 1940, na kufikia miaka ya 1980 ndio uliobaki peke yake. Mwaka 1978 wahariri wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, Canada, kupanga masharti ya pamoja ya kuandika, na masharti hayo yakatoka 1979. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno Muhimbili, wakati huo chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yalianza mwaka huo huo wa 1979. Fani yetu ilizaliwa ikakuta nguo imeshashonwa.

Siilaumu nguo yenyewe. Kwa muundo huo mtu wa Nairobi au Bergen anaweza kuona ni watoto wangapi walikaguliwa, kwa kipimo gani, na akabisha. Insha haikumpa nafasi hiyo. Shida yangu ni kwamba swali linakuwa limeshakatwa na kupimwa kabla ya kumfikia mwenye jino.

Tuliendelea na dodoso. Mpwa wangu anachunguza madoa ya kahawia kwenye meno, yale yanayosababishwa na floraidi ikizidi mwilini wakati jino linakua. Shinyanga ni kati ya mikoa yenye tatizo hilo. Atayapima kwa kipimo cha TF, chenye ngazi 0 hadi 9, kilichotolewa mwaka 1978 na Thylstrup na Fejerskov wa Denmark, na hapa nilisimama kidogo: kipimo hicho kinachotumika dunia nzima kilitokana na meno ya watoto wa Tanzania. Maswali yake yote yalihusu maji. Kisima, bomba, lambo, mvua.

Mama akauliza, "Na magadi je? Mbona hujauliza magadi?"

Mpwa wangu alicheka, halafu akaacha kucheka. Mwaka 1997 Mabelya na wenzake walichapisha makala iliyohusisha madoa hayo na magadi, yale yale tunayotia kwenye maharage na makande yalainike haraka, kwa sababu yana floraidi nyingi. Ukiuliza maji peke yake, chungu kinakuponyoka. Na neno lenyewe, magadi, limo katika kichwa cha makala ile ya Kiingereza. Hilo limetoka jikoni likapanda hadi ukurasa wa kwanza. "Meno ya plastiki" nayo, ambayo waganga wa kienyeji wanawang'oa watoto wachanga wakidai ndiyo yanayoleta homa na kuharisha, hayatambuliwi na tiba ya hospitali kuwa ugonjwa. Mtafiti asiyelijua jina hilo mtaani atamuulizaje mama wa mtoto?

Swali la tatu tulilibadilisha: "Katika miezi 6 iliyopita, jino limewahi kukuuma?" Nilijiona fundi. Mpwa wangu akanikumbusha kwamba dodoso hurudishwa Kiingereza na mtu mwingine ili kulinganisha, na langu lingerudi bila fizi wala ulimi. Kweli nilikuwa nimevitupa. Tukaandika "jino, fizi au ulimi", na mama akasema hapo sasa anaelewa.

La magadi lilikuwa gumu zaidi. Pendekezo lake lilishapitishwa na kamati ya maadili, na kuongeza swali ni kuomba upya, na miezi ya kuhitimu inahesabika. Usiku ule aliandika barua ya maombi, kwa Kiingereza. Asubuhi mama alimtuma mtoto dukani akanunue bonge la magadi, akamfungia mjukuu wake kwenye gazeti, asafiri nalo.