Kabla Hujanunua Mercedes SL ya Mkono wa Pili

Shemeji yangu amepata pensheni yake na moyo umemwendea Mercedes SL, ile R230 iliyotoka mwaka 2001, yenye paa la chuma linalojikunja kwa sekunde 16. Bei imemvutia. Nimemwambia apige hesabu ya gereji kwanza.

Breki: matoleo ya mwanzo hutumia mfumo wa umeme, SBC. Pampu yake huhesabu kila unapokanyaga. Ikifika kikomo, taa nyekundu huwaka na pampu hubadilishwa.

Shokamzoba: zile za ABC hutumia oili yenye presha kubwa. Zikivuja, asubuhi utalikuta gari limelala upande mmoja. Moja mpya hupita dola 1,000, nazo ziko nne.

Paa: silinda zake huvuja oili. Maji nayo yakiingia kwenye buti huua pampu ya kufuli.

Gari lilale usiku kucha mahali tambarare, kisha ulitazame. Fungua na ufunge paa mara tatu. Fundi alipime kwa kompyuta. Muuzaji akikataa, shukuru Mungu, ondoka na pesa zako.