Mvunjika Guu na Nyumba Yake

Wahenga waliposema kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, hawakuichagua adhabu hiyo bila ya hesabu. Kwani katika zama zao aliyevunjika guu, hata akisalimika na mauti, alikuwa amehukumiwa kifungo cha miezi kitandani, akitazama boriti za dari na kungojea maji ya kunywa kutoka mikononi mwa wengine. Tarehe ya tiba ya guu ni tarehe ya kifungo hicho: kilikuwa wapi, kilidumu muda gani, na nani aliyekuwa bawabu wake.

Hapo kale kilikuwa nyumbani. Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Kurtuba, aliyefariki mwaka 1013, aliandika kwa urefu juu ya mifupa iliyovunjika katika Kitab al-Tasrif. Na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alinasihi kwamba gango lisifungwe papo hapo, bali ingojewe siku ya tano ipite, uvimbe usije ukazidi ndani ya vifungo na kuinyima nyama damu. Katika mwambao wetu waunga mifupa aghalabu hawakuwa na kitabu, lakini waliokuwa stadi miongoni mwao waliijua hadhari hiyo: walinyosha, wakaweka mabanzi, wakazungushia nguo, kisha wakaenda na kurudi kwa mgonjwa wakilegeza na kukaza, ilhali asiye stadi alifunga akasahau, na guu likaoza. Ama mfupa ukitokeza nje ya ngozi, matabibu wengi wa Ulaya hawakuona dawa ila msumeno.

Mwaka 1756 msumeno huo ulimkaribia Percivall Pott, mpasuaji mashuhuri wa London, alipoanguka kutoka juu ya farasi akavunjika guu. Imehadithiwa kwamba alikataa kuinuliwa ovyo. Alilala barabarani katika baridi ya Januari mpaka wakaitwa wachukuzi, akanunua mlango, ukapigiliwa miti, akachukuliwa juu yake hata kwake. Wenziwe walikwisha kuafikiana kulikata guu, na vyombo vilikuwa tayari, ndipo alipoingia Edward Nourse, mwalimu wake wa zamani, akaona kuwa laweza kuokolewa. Likaokolewa, na katika faragha ya kupona Pott alishika kalamu akaandika risala juu ya ngiri, iliyotoka mwaka uo huo, na tangu hapo hakuacha uandishi. Heri yake, kwani si kila mfungwa aliye na watumishi wa kumletea wino.

Karne iliyofuata ilianza kukihamishia kifungo hospitalini. Huko Glasgow, mwaka 1865, Joseph Lister alilitia asidi ya kaboliki jeraha la mtoto wa miaka 11 aliyepitiwa guuni na gurudumu la mkokoteni, na jeraha likapona bila ya kuoza. Na huko Liverpool Hugh Owen Thomas, mzawa wa ukoo wa waunga mifupa, alifundisha kwamba mfupa wataka utulivu wa lazima, usiokatizwa, tena wa muda mrefu. Gango lake la chuma liliwasalimisha askari wengi waliovunjwa mapaja katika Vita Kuu vya kwanza. Lakini utulivu nao una kodi yake. Mwenye paja lililovunjika alivutwa guu kwa kamba, kapi na vyuma vya uzito, wiki baada ya wiki, mara nyingi hata miezi mitatu. Na wakati mfupa ulipokuwa ukiunga, vingine viliharibika: mgongo ulitoka vidonda, pafu likashikwa na kichomi, damu ikaganda mishipani, goti likakakamaa, na shambani magugu yakamea.

Aliyeulegeza mlango wa kifungo hicho ni Gerhard Küntscher wa Kiel, Ujerumani, ambaye mnamo Novemba 1939 alipitisha msumari mrefu wa chuma katika uwazi wa ndani ya mfupa wa paja, ili mfupa ushikwe na gango lililo tumboni mwake. Alipoieleza kazi hiyo Berlin mwaka 1940, wengi walimbeza, wakihofu kwamba uboho ukichokorwa mfupa hautaunga. Ajabu ni kwamba habari zake zilienezwa na wafungwa wa kweli: askari waliorudi makwao kutoka kambi za Wajerumani wakitembea, na eksirei zikawaonyesha madaktari wao waliopigwa na butwaa msumari ndani ya paja.

Kwetu Tanzania, Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliundwa mwaka 1996. Na miongoni mwa misumari iliyotumika nchini ni ule wa shirika la SIGN, lililoasisiwa mwaka 1999 na Lewis Zirkle wa Richland, Marekani, ambao skrubu zake huelekezwa kwa kiunzi cha nje pasipo eksirei ya chumba cha upasuaji. Hivyo majeruhi wa bodaboda, ambaye babu yake angelala miezi, aweza kuruhusiwa baada ya siku chache akiwa juu ya magongo.

Walakini msumari haukuuharakisha mfupa, ambao ungali ukidai miezi yake ile ile. Uliloharakisha ni kurudi nyumbani. Na kazi ya wauguzi wa zamu imerudi pamoja na mgonjwa: kulitazama jeraha, kulinyosha na kulikunja goti, kumshika mkono mpaka chooni, kutambua homa na uvimbe wa ghafula wa muundi. Tabibu aandikapo ruhusa, huwa amewaandikia ajira mke, dada au mtoto, bila ya mshahara na mara nyingi bila ya mafunzo. Basi haki yao ya kwanza ni kufundishwa kazi hiyo wodini, kabla gari halijaja kumchukua mtu wao.