Jiko la Pampu Lililoishiwa Mafuta

Leo tutasoma historia ya jiko la pampu, lile lenye kunguruma.

Mwaka 1892, mjini Stockholm, nchi ya Sweden, fundi Frans Wilhelm Lindqvist alitengeneza jiko la mafuta ya taa lisilo na utambi. (Sweden hiyo ndiyo mojawapo ya nchi nne zilizokubali, mwaka 1963, kujenga kituo cha elimu hapo Kibaha.) Hewa ya pampu hupandisha mafuta mpaka kwenye kichwa chenye moto. Humo mafuta hugeuka mvuke, na mvuke ndio uwakao, bila masizi.

Basi mafuta yakiisha, kichwa hupoa. Ukijaza na kupiga pampu tu, hutoka mafuta mabichi, na moto humrukia mpishi usoni. Waliolizoea walingoja lipoe, wakafungua skrubu ya hewa, wakajaza robo tatu, wakapasha kichwa kwa spiriti kidogo, ndipo wakapiga pampu. Mwenye akili hakutia petroli, hata mafuta ya taa yalipoadimika: petroli hutoa mvuke hata ikiwa baridi, na tangi huweza kupasuka.