Somo la Historia: Kibao cha Motakaa Kuukuu

Leo tutajifunza jinsi ya kujua kama kibao cha motakaa kuukuu husema kweli.

Mwaka 1940 Dk. John Williamson aligundua almasi Mwadui, Shinyanga. Huko Geita dhahabu ilichimbwa tangu miaka ya 1930 mpaka mgodi wa zamani ulipofungwa mwaka 1966. Katikati ya miaka hiyo, yaani 1948, kiwanda cha Rover cha Solihull, Uingereza, kilianza kuunda Land Rover, nayo ikapendwa sana Tanganyika kwa kuwa ilistahimili njia mbaya.

Sasa, tuseme mtu wa Kahama anakuuzia Land Rover, naye asema ni ya mwaka 1951. Utajuaje?

Kwanza, soma kibao. Sisemi namba ya usajili ya mbele na nyuma, bali kile kibao kidogo cha kiwandani kilichofungwa ndani kwa skrubu au ribiti. Katika Land Rover za 1950 mpaka 1955, tarakimu ya kwanza ya namba ya chesisi ilionyesha mwaka wa kiwanda: 1 ni 1951, 3 ni 1953.

Pili, twaa futi kamba, upime toka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya la nyuma. Gari la 1951 lina inchi 80, yaani sentimita 203. Ukipata inchi 86, hiyo ni aina ya 1954. Kibao kile si chake.

Tatu, safisha chesisi kwa kitambaa, utafute namba iliyogongwa katika chuma. Yapasa ilingane na kibao na kadi ya gari. Usitumie tupa, usije ukaifuta.

Namba zikitofautiana, usimwite mwenzako mwizi upesi. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, hudumu. Chesisi ni ya chuma, huliwa na kutu. Mafundi huhamishia bodi kwenye chesisi nyingine, na kibao huenda pamoja nayo. Hata hivyo, usitoe fedha kabla polisi na Mamlaka ya Mapato hawajalikagua. Gari likiwa la wizi, litarudishwa kwa mwenyewe, nawe utabaki mikono mitupu.

Swali la juma hili: kibao chaanza na 3, na kipimo ni inchi 80. Je, vyapatana? Fikirini, kisha mjadiliane darasani. Kwaherini.