Umeajiri Mtu Mpya? Usimwambie "Utazoea Tu"

Kampuni nyingi hutumia nguvu kubwa kutafuta mfanyakazi: tangazo, usaili, kupiga simu kwa wadhamini. Akishapatikana, siku ya kwanza anaonyeshwa kiti na kuambiwa "utazoea tu". Hapo ndipo hasara inapoanza, kwake na kwa kampuni.

Mafunzo elekezi hayahitaji ukumbi wala bajeti kubwa. Yanahitaji mambo haya manne:

1. Karatasi zake
Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi anapoanza kazi: majukumu yake, kituo cha kazi, saa za kazi, mshahara na aina ya mkataba. Ukitokea mgogoro na maelezo hayo hayapo, mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha walichokubaliana.

2. Usalama
Mlango wa dharura uko wapi? Mashine ipi haguswi bila mafunzo? Wenyeji wanajua, mgeni hajui. Kiwandani au jikoni, aelezwe kabla hajashika chochote.

3. Mtu wa kumuuliza
Mgeni anaogopa kuonekana hajui, kwa hiyo anakisia. Keshia asiyejua utaratibu wa kumrudishia mteja pesa ataamua kivyake, na jioni hesabu haifungi. Mpangie mwenzake mmoja mzoefu, na huyo mzoefu apunguziwe kazi kidogo ili apate muda wa kumsaidia.

4. Anapimwa kwa kitu gani
Hili ndilo linalosahaulika zaidi. Chini ya sheria hiyo hiyo, mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri wake hana kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki. Maana yake, miezi ambayo hajui mambo mengi ndiyo hiyo hiyo anayoweza kuondolewa kirahisi. Aambiwe mapema anatarajiwa kufanya nini, kisha bosi akae naye baada ya wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza na mwezi wa tatu.

Na wewe uliyeajiriwa juzi, usisubiri kuitwa. Omba nakala ya mkataba wako, hakikisha umeandikishwa kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, na uliza kazi yako itapimwaje. Kuuliza wiki ya kwanza si aibu. Kukosea mwezi wa tatu kwa jambo ambalo hukuuliza ndiko kunakogharimu ajira.