Tuzo ya marehemu, mikononi mwa wanafunzi

Leo nawapa stori ya tuzo moja, maana wengi wetu tuko kwenye projekti za mwisho na tumeanza kuziona kama adhabu.

Harold Weintraub alikuwa mwanabiolojia wa Marekani, kwenye kituo cha utafiti wa saratani cha Fred Hutchinson, Seattle. Mwaka 1987 yeye na wenzake wa maabara, Robert Davis na Andrew Lassar, walichukua seli za panya ambazo si za misuli, wakaziingizia jeni iitwayo MyoD. Zikageuka seli za misuli! Jeni moja tu jamani. Wengi walidhani seli ikishapata kazi yake ndo basi tena. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani akatumia jeni 4 kurudisha seli za panya kwenye hali ya uchanga, na 2012 akapata Nobel.

Weintraub hakuyaona hayo. Saratani ya ubongo ilimchukua 1995, akiwa na miaka 49. Inauma.

Mwaka 2000 kituo kikaanzisha tuzo kwa jina lake. Hawapewi maprofesa, wanapewa wanafunzi wa PhD, na kinachoangaliwa ni ubora, upya na uzito wa utafiti wao.

Nimelipenda hilo. Tumezoea kumkumbuka mtu kwa kubandika jina lake kwenye jengo, ila jengo haliulizi swali. Mwanafunzi anauliza. Kwa hiyo mdau, usikopi projekti ya mwaka jana. Tupo pamoja.